Vyungu Visivyo na Kitako

Mpendwa Shangazi,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo mume wangu Bethuel hana zamu kiwandani na ameapa kuvivunja vyungu vya mtoto wetu, nami sijui nimzuie au nimshikie nyundo. Mimi ni nesi, tunakaa ghorofani hapa Ladywood, Birmingham, na binti yetu Nyokabi ana miaka saba, amezaliwa huku, amebeba jina la mama yangu kama desturi yetu ilivyo, lakini Kenya hajawahi kuikanyaga wala hajamwona nyanya yake hata kwa picha. Mama alikuwa mfinyanzi huko Murang'a, na mama yake kabla yake, ila mimi nilipelekwa shule ya misheni nikauacha udongo nikashika sindano. Basi mwezi wa Machi ikaja telegramu kwamba mama ametutoka, nikalia chooni hospitalini, mtoto nikamficha habari hiyo, na wiki hiyohiyo Nyokabi akaanza kuchota udongo kando ya mfereji na kuufinyanga kwenye roshani yetu, bila gurudumu, akianzia mdomo na shingo, kisha anakipindua chungu kifudifudi ili kitako kifungwe mwisho, hasa kama wanawake wa kwetu, na Shangazi, naapa hakuna mtu huku aliyemwonyesha.

Sasa viko vitatu. Vyote vimeinama, vyote vina tundu juu penye kitako, na havikauki, nimeviwekea hita karibu lakini nikivigusa ni vibichi kana kwamba vimetoka mkononi sasa hivi. Nilipomwambia mtoto avifunge basi yaishe, alinitazama kama mama alivyokuwa akinitazama nikichelewa kutoka mtoni, akasema, "No, Mummy, hiyo kazi ni yako. Cucu said." Cucu kwetu ni nyanya. Bethuel, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema ni pepo. Mimi naogopa nikivifunga mtoto ataondoka na huyo aliyemfundisha. Nifanyeje?

Gertrude, Ladywood

Gertrude mwanangu,

Pole sana kwa msiba. Sasa keti nikuseme. Ulimpa mtoto jina la mama yako, leo unashangaa mama yako amepita hapo hapo kukutafuta? Mfinyanzi hulia gaeni, lakini wewe binti wa mfinyanzi hata hilo gae unataka lipigwe nyundo! Unamwogopa mama uliyemlilia chooni, ukafuta uso, ukarudi wodini.

Mwambie Nyokabi leo hii kwamba nyanya yake amefariki. Nadhani anajua, ila anangoja kuambiwa na wewe. Nyundo ifiche. Bethuel mwombe kwa heshima aende Jumamosi akasali na wazee wenzake, maana katika nyumba za wafinyanzi mwanamume hakaribii chungu kibichi, na yeye bila shaka kila jioni anavikodolea macho halafu mnauliza kwa nini havikauki.

Kisha vua pete, lowesha mikono, uvifunge. Usiniambie hujui. Kabla ya misheni ulikaa miguuni pa nani? Mtoto aketi ubavuni mwako, wala haendi popote, aliyekuja amekuja kwa ajili yako.

Nikuonye jambo moja, kwa kuwa nyanya yangu naye alifinyanga. Ukifikia donge la mwisho, chungu kimeinama na ndani hamna kitu, utahisi vidole visivyo vyako vikiutegemeza udongo kutoka ndani. Usipige kelele, utamtisha mtoto. Nawe sukuma taratibu, mpaka tundu lizibe.

Shangazi