Kaka Yetu Msumeno na Daraja la Kwetu

Ni mwaka mzima leo, Kaka, tangu karani wako alipogonga mlango wa ofisi mara tatu, akaingia, akakukuta umeinamia meza, kalamu bado mkononi. Daktari alisema ni moyo. Dada yetu mkunga alipoletewa habari alisema, "Kumbe alikuwa nao." Kisha akalia mpaka sauti ikamkauka. Tunayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Magazeti yamekusifu tena wiki hii. Sisi tunayakumbuka ya nyumbani. Tunakumbuka ulivyopiga viatu rangi mwenyewe kila asubuhi ya hukumu, ukiisoma kwa sauti ndogo huku brashi ikienda. Mkeo alijikohoza jikoni kila sentensi ilipozidi urefu, nawe ukaifupisha. Tunaikumbuka mahakama yako ya kwanza, ile ya bati linalovuja, ulipoandika maamuzi huku askari wa zamu amekushikia mwavuli. Na ile siku ulipomfunga waziri asubuhi, mchana ukaenda kumtengenezea Mama bawaba ya mlango, ukahangaika hadi jua likazama.

"Hukumu unaziweza, mwanangu," Mama alikuambia. "Bawaba mwachie fundi."

Mawakili walikubandika jina la Msumeno, kwa kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Binamu yetu alipofikishwa mbele yako kwa kesi ya mpaka wa shamba, ulikunja makaratasi, ukainuka, ukasema maneno ambayo mtaa mzima uliyashika: "Huyu ni ndugu yangu. Nimejitoa." Jaji mwingine akaketi, binamu akashindwa, na bado alikusifu kwa kinyozi. Tulitembea vifua mbele, Kaka. Hatukufichi.

Baada ya miaka kumi na tisa ya ujaji, watu wakakubeba juu juu hadi kwenye ugavana. Walitaka mtu asiyependelea. Wakampata, na sisi tukampata pia.

Unajua mwenyewe kwamba mto ndio unaotenga nyumba za kwetu na zahanati anakofanya kazi Dada. Kiangazi mtu hukunja suruali akavuka. Mvua zikishika, kila mmoja hubaki upande wake na shida zake. Dada aliandika barua kuomba daraja la miguu. Wahandisi wakapima, wakachora, faili likapanda ngazi hadi mezani kwako. Likarudi na mstari mmoja, kwa mwandiko wako: "Hawa ni ndugu zangu. Nimejitoa."

Dada akakufuata ofisini. Alisubiri kwenye benchi na wageni wengine, maana kwako undugu haukuruka foleni. Mlango uliuacha wazi, kama kawaida yako, isije ikasemwa mnanong'ona, na ndiyo maana karani wako alisikia kila neno.

"Kaka, mahakamani ukiinuka, kuna jaji mwingine anaketi. Hapa ukiinuka, kiti kinabaki kitupu."

"Naibu wangu atie saini."

"Naibu wako anakuogopa kuliko ninavyokuogopa mimi. Hawezi kutia mkono pale ulipoutoa wewe."

"Watasema nimeanza na kwetu."

"Basi maliza na kwetu! Nani kakuomba uanze?"

Ulicheka, Kaka. Karani anasema ulicheka kabisa, ukamsindikiza hadi ngazini, ukamwambia akusalimie Mama. Faili halikusogea. Gazeti moja likaandika habari za gavana asiyejenga kwao, nawe ukaikata habari hiyo ukaibandika ukutani.

Mvua zilizofuata, Mama alibanwa na kifua. Majirani waling'oa mlango wake, ule ule wa bawaba, wakambeba juu yake hadi mtoni. Dada alikuwa ng'ambo, mkoba wa dawa begani. Katikati ni hatua kama arobaini za maji. Alipiga kelele, "Mwinueni kichwa! Mlazeni ubavu!" na mto ukamzidi sauti. Aliuona mkono wa Mama ukipunga mara mbili. Hadi leo hajui kama alikuwa anamwita au anamkataza asijaribu kuvuka. Kabla ya saa sita mchana wale majirani waliweka mlango chini, wakageuka kumtazama yeye, wakatikisa kichwa.

Siku ya mazishi maji yalikuwa yameshuka. Ulivuka viatu mkononi, vimepigwa rangi vinang'aa. Ukamshika Dada bega, ukasema, "Ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakuandika kwenye lile faili," alikujibu.

Alichotaka kwako ni neno moja: nilikosea. Jaji hukosea, ndiyo sababu kuna rufaa. Ulitufundisha wewe mwenyewe. Miaka miwili alilisubiri. Kila ulipopiga simu alitoka nje kuipokea peke yake, akarudi akisema, "Anauliza hali." Tuliacha kumtazama usoni. Halafu ukafa, Kaka, ukaondoka nalo, na hilo limetuuma kuliko tulivyojua litatuuma.

Gavana mpya hajawahi kukanyaga kwetu. Alitia saini siku yake ya tisa ofisini. Daraja likasimama kwa miezi mitano. Kumbe kazi yote ilikuwa hiyo. Wiki iliyopita maofisa walikuja na karatasi. Wanataka liitwe kwa jina lako, ubao umeshachongwa, kilichobaki ni saini ya mkubwa wa familia. Mkubwa sasa ni Dada. Mkeo alimwomba. Watoto wako walimwomba. Sisi nasi, tuseme kweli, tulimwomba, maana marehemu hasemwi vibaya, na ubao wenyewe ulikuwa mzuri.

Dada alinawa mikono kama anayeingia zamu, akavaa miwani, akaisoma karatasi hadi chini. Akaandika mstari mmoja, akamrudishia ofisa: "Huyu ni ndugu yangu. Nimejitoa."

Ofisa alikodoa macho. "Sasa mama, nani ataamua?"

"Ndilo nililomuuliza yeye," Dada alisema.

Ubao wamerudi nao. Daraja limefunguliwa leo bila jina, na asubuhi hii Dada amevuka kwenda kazini bila kuvua viatu.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado hujikohoza jikoni, watoto wako wanne, sisi wadogo zako, binamu, aliyekusamehe zamani, karani wako, na Dada, ambaye alisema atajwe mwisho, lakini atajwe.

Tutakukumbuka daima, Kaka, hata siku zile tunazotamani kukusahau.