Pumba za Maparoni

Maparoni, 4 Julai 1996

Mdogo wangu Mudathiri,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila mguu wa mama bado unamsumbua. Huko kiwandani vipi?

Pumba za mpunga ulizoomba, mzichanganye na makaa ya mawe kwenye mtambo wenu wa umeme, tunazo tele. Hapa kwenye mashine ya kukoboa huwa zinatupwa. Wanawake wenzangu wamefurahi kusikia kwamba mwekezaji wenu akiridhika atanunua kila msimu. Shida ni upepo. Tukizipakia kavu kwenye mashua zitaishia mtoni, kwa hiyo tutazirashia maji ya hapa mtoni kama tunavyofanya siku zote. Kama ni vibaya, tuambie kabla hatujapakia.

Dada yako,
Zuena


Dar es Salaam, 19 Septemba 1996

Dada Zuena,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na mguu? Mimi mzima wa mwili tu.

Pumba zenu zimeniletea balaa. Zilijaa chumvi. Imeyeyuka tanuruni, ikagandia mabomba ya mvuke, moja likapasuka. Swalehe, mwenzangu wa zamu, ameungua mikono. Wazo la pumba lilikuwa langu, tuchome makaa machache ili mwekezaji asitupunguze kazini. Sasa mkubwa wa mtambo ananibana mimi. Nimemwambia nyie wanawake mlizimwagia maji makusudi, mzigo uwe mzito mlipwe zaidi. Ningesema nini? Nina watoto.

Mdogo wako,
Mudathiri


Maparoni, 6 Oktoba 1996

Mudathiri,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Salamu zako ndizo hizo.

Jana mtu wa mwekezaji alikuja akasimama mashineni, akatuita wezi. Bi Mwanabibi, aliyekubeba mgongoni, alilia mbele za watu. Nilikuuliza kabla hatujapakia, hukujibu. Umekulia hapa, unajua kiangazi bahari inapanda mtoni mpaka mashambani, maji yanakuwa ya chumvi. Sisi tanuru hatulijui. Wewe unalijua tanuru na mto unaujua. Nina hasira nawe. Nenda kamwambie mkubwa wako ukweli. Kabla ya hapo usiniite dada.

Zuena


Dar es Salaam, 30 Novemba 1996

Dada,

Shikamoo. Nimeshasema, ndiyo maana nakuita hivyo.

Barua yako ya Julai niliisoma mbio mbio, nikaona habari ya mguu, nikasema nitajibu, nikapitiwa. Nilimweleza mkubwa hivyo hivyo, Swalehe akisikia, mikono yake bado ina bendeji. Mkubwa hata hakushtuka.

"Chumvi tuliijua siku ileile tulipofungua tanuru," akasema. "Chumba cha kupimia ubora wa mzigo tulikifunga wenyewe kupunguza gharama. Tulikuwa tunatafuta jina la mkosaji la kuandika kwenye ripoti."

Nilitamani kumrukia. Sasa wameandika langu, nimeachishwa kazi. Kinachonichoma ni kwamba alipoanza kutafuta, mimi ndiye niliyekimbilia kumpa majina yenu.

Nakuja Jumamosi. Nitaanzia kwa Bi Mwanabibi. Usinipikie.

Mdogo wako,
Mudathiri