Mke wangu amejenga timu nzima ya mazimwi ili kunificha mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na shikamoo, maana nimechoka mpaka nimetanguliza shida mbele ya salamu. Mimi ni mwoka mikate, mume wa mtu, baba wa watoto ambao wameshakua wakaenda kujitegemea, na hili ninalokuletea huenda likakuchekesha, cheka tu, ila ukimaliza unijibu, kwa sababu linaninyima raha nyumbani na kazini.

Mimi na mke wangu tunacheza mchezo wa simu, ule wa kufuga mazimwi na kuwapiganisha. Usikunje uso. Tulianza pale watoto walipoondoka na nyumba ikawa kimya kupita kiasi, tukabaki kuulizana "umekula?" na "umefunga mlango?" na basi, siku imeisha, mpaka binti yetu alipokuja kututembelea akachoka kutuangalia, akatuwekea mchezo huo kwenye simu akasema, "Haya, chezeni, angalau mpate la kuongea." Na kweli tukalipata. Mke wangu ni mkata vitambaa kwenye kiwanda cha nguo, ndiye anayepanga vipande vya mashati juu ya kitambaa kabla mkasi haujapita, anavigeuza huku na huku mpaka hakuna pembe inayopotea, na akili hiyo hiyo akaihamishia kwenye mazimwi, akawa mkali, mshauri, mkali hasa, hadi vijana wa ukumbi tunakoshindania wakawa wanamwita Kamanda, na mimi nikawa mume wa Kamanda.

Nikueleze kidogo usije ukapotea. Sisi tunaingia mashindano ya wawili wawili, kila jozi inakuja na mazimwi sita, watatu wako, watatu wa mwenzako, na kazi kubwa si kupigana, kazi kubwa ni kuwachagua hao sita, kwa sababu wa moto anamwogopa wa maji, wa maji anamwogopa wa umeme, wa umeme hafui dafu kwa wa udongo, kwa hiyo kila mmoja lazima awe na mwenzake wa kumkinga. Mimi mpenzi wangu ni Gunia. Ni zimwi wa mawe, mnene, mpole, nimemlea tangu yai, ana kofi moja zito sana, shida yake ni kwamba mpaka anyanyue mkono wapinzani wameshampiga, wamekaa, wamepumzika. Mke wangu hajawahi kuniambia nimwache Gunia, hata siku moja.

Sasa shida ni usingizi. Kazi yetu ya mikate unaamka wakati wenzako ndio kwanza wanageuza ubavu, unasimama mbele ya tanuri, unakanda, unapakua, unapanga kwenye trei, na ukitoka pale mchana mwili si wako tena. Mashindano yanafanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la simu, viti vya plastiki, feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza, na mchezo wenyewe unakupa muda mfupi tu wa kuamua, saa inahesabu pale kwenye kona ya kioo, na mimi ndani ya muda huo naweza kusinzia, nikaota ndoto, nikaamka. Kuna siku nilisinzia kidole kikiwa juu ya kioo, nikamtoa zimwi aliyekuwa anatutibu, tunamwita Nesi, nikamwingiza Gunia katikati ya mafuriko ya wapinzani, na wa mawe na maji ndiyo hivyo tena, alizama hata kofi lake hakulipiga. Mke wangu aliniangalia akasema, "Si neno, baba. Umechoka." Kila tukishindwa ni hivyo hivyo, si neno baba, umechoka. Afadhali angenitukana.

Jumamosi iliyopita nilijilaza kidogo baada ya kazi, nikapitiliza. Nilipofika ukumbini mbio mbio, viatu vina unga, nikakuta mechi imeshaanza, na kwenye kiti changu amekaa fundi friji, kijana mmoja mstaarabu anayecheza pale, kashika nafasi ili mke wangu asihesabiwe kashindwa. Nikasimama mlangoni nikaangalia. Na timu aliyoingia nayo haikuwa timu yetu, mshauri. Kabadilisha karibu wote. Hapo ndipo akili ilinijia nikaanza kuihesabu timu yetu moja moja. Tope, ambaye kazi yake ni kuutia uwanja utelezi ili wote waende polepole, aliwekwa kwa sababu mimi ni mzito. Nesi aliwekwa amtibu Gunia. Ukuta aliwekwa asimame mbele ya Gunia. Mwavuli aliwekwa atukinge nikibonyeza kisichobonyezwa. Aliyebaki wa kupigana kweli ni Sindano peke yake, maskini, anahangaika huku na kule.

Na mke wangu ana zimwi wake wa moto anaitwa Kiberiti, alimlea kwa subira kubwa na anampenda, ila tangu tuwe jozi Kiberiti amekaa ghalani, kwa sababu anawaka haraka na anazimika haraka, anataka mwenza asiyepepesa macho. Siku ile Kiberiti alikuwa uwanjani. Aliruka, akaunguza wawili kwa mpigo, na mke wangu akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma. Sijamsikia akicheka vile tukicheza sisi. Niliumia, sikufichi, na papo hapo nilifurahi, na sijui mtu anafanyaje vyote viwili akiwa kasimama mlangoni. Fundi friji aliponiona akanyanyuka haraka, "Shemeji karibu, nilikuwa nakushikia kiti tu."

Kesho yake asubuhi mke wangu alitoka kuanika nguo akaacha simu mezani, kando ya kikombe changu, iko wazi. Huyu ni mtu anayefunga simu hata akigeuka kuonja mboga. Sikupeleleza, macho yaliangukia tu. Fundi friji kaandika, "Dada, majina ya mashindano makubwa yanafungwa mwisho wa mwezi. Mimi na wewe tunafika mbali, fikiria." Na mke wangu kamjibu, "Nashukuru kaka, ila nina mwenzangu."

Samahani, nilisinzia hapo kwenye neno "mwenzangu". Naandika nikiwa kazini, unga ulikuwa unaumuka, sasa umeumuka, nimeuingiza tanurini nikarudi.

Basi mke wangu alirudi ndani na beseni tupu, akaiangalia simu, akaniangalia mimi, akauliza, "Chai imepoa?" Nikasema bado. Ilikuwa imepoa kitambo. Tukaishia hapo.

Mshauri, simwonei wivu yule kijana, ana heshima zake, kosa lake ni kuwa na macho makavu tu, yasiyojua usingizi. Ninachoogopa ni kwamba nikijitoa, tutarudi kwenye "umekula?" na "umefunga mlango?", maana nje ya mazimwi sioni tunachoongea. Nisipojitoa, nambana mke wangu asifike anakostahili kufika, na yeye kwa mdomo wake hataniambia. Nimefikiria siku ya mchujo wa hayo mashindano makubwa nijifanye naumwa, au nicheze vibaya makusudi mpaka anikinai mwenyewe. Unasemaje? Nishauri, ila usiwe mkali sana, nimechoka.

Mwoka mikate mwenye usingizi

MSHAURI ANAJIBU:

Mwoka mikate, marahaba. Sijakucheka, ila pale ulipoota ndoto katikati ya mechi nilishindwa kujizuia, utanisamehe. Pole kwa kazi. Mkate wa asubuhi tunaukuta mezani tukidhani umejileta wenyewe, kumbe kuna mtu anasinzia mchana kwa ajili yake.

Pole imeisha hapo. Sasa nisikilize.

Hilo la kujifanya unaumwa lifute kichwani leo leo. Umemwona mkeo anakubeba mgongoni, na dawa uliyoipata ni kuzimia ili akubebe vizuri zaidi? Na kucheza vibaya makusudi, baba, nani atajua tofauti? Atasema "si neno, umechoka", atatafuta zimwi mwingine wa kukufunika, na Sindano atabaki anahangaika vile vile.

Umeihesabu timu yako ukaona aibu. Mimi nimeihesabu nikamwona mke. Mtu aliyekaa akawaza mumewe ni mzito wapi, anasinzia lini, atakosea nini, halafu akapanga kila kitu kimzunguke asiumbuke mbele ya vijana, huyo anakupenda, na hilo usilitilie shaka tena wala usiniandikie barua nyingine kuliuliza. Ila ni fundi wa kukata, na wewe unajua kazi yake kuliko mimi. Kitambaa chote kimeishia kwenye shati lako, yeye kabaki bila. Naye amechoka. Umetumia neno hilo kwa ajili yako barua nzima, hukumpa yeye hata mara moja.

Sasa simu. Unaniambia mtu anafunga simu akigeuka kuonja mboga, halafu siku hiyo akaiacha wazi kando ya kikombe chako na akaenda kuanika nguo. Na bado unajitetea kwamba hukupeleleza! Hukupeleleza, uliitwa. Labda alitaka umwachie aende. Labda alitaka ujue kwamba kuna mtu kamtaka na yeye kakuchagua wewe. Mimi siko kichwani mwake, siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba alirudi na beseni lake akakupa nafasi ya kusema, akakuuliza habari za chai, na wewe ukamdanganya hata hiyo chai. Alitaka useme naye. Wewe umekuja kusema na mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukitoka kazini leo, lala kwanza. Usiende kuzungumza na mtu ukiwa katika hali hiyo, utasinzia kwenye neno "mwenzangu" kama ulivyosinzia kwenye barua yako. Ukiamka nawa uso, kaa naye, mwambie hivi: "Ule ujumbe niliusoma. Naomba umjibu fundi upya, ucheze naye." Sema bila kujitia unyonge, maana ukianza kununa na kuvuta pumzi atakuhurumia, na akikuhurumia mmerudi pale pale. Akikataa, mwambie tena mara moja, halafu uamuzi umwachie yeye, yeye ndiye Kamanda. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi, usisubiri mpaka siku ya mwisho.

Siku ya mashindano nenda. Kaa nyuma yake, mbebee chaja na maji. Usingizi ukija, lala hapo hapo kwenye kiti cha plastiki, safari hii hakuna atakayezama. Na huyo fundi friji msalimie vizuri, kijana alinyanyuka haraka ulipoingia, si wengi siku hizi wanaonyanyuka.

Hofu yako ya "umekula?" na "umefunga mlango?" naielewa, na hapo sikukemei. Nyumba ikinyamaza inatisha. Lakini umeniandikia kurasa nzima kuhusu mkeo, jinsi anavyopanga vitambaa, anavyocheka, anavyoiangalia simu na kukuangalia wewe, kisha unasema huna la kuongea naye. Mwambie hayo. Kuna wanawake wanazeeka bila kuambiwa hata robo yake.

Na mchezo msiuache. Tangu mmeanza mmekaa upande mmoja, wewe ukifichwa, yeye akificha. Jaribuni kukaa mkitazamana. Jumapili, baada ya wewe kulala vya kutosha, pale pale kwenye meza ya chai, zimeni ile saa ya kwenye kona, kila mtu aje na zimwi wake. Wewe njoo na Gunia wako, bila Nesi, bila Ukuta, bila Mwavuli. Mwambie yeye amtoe Kiberiti ghalani na asikuonee huruma.

Utapigwa, baba. Gunia ataunguzwa kabla hajanyanyua mkono. Na wewe utakuwa umekaa mbele ya mkeo, macho makavu, ukimsikia akicheka.