Pazia Jipya Kwenye Gari la Baba

Jumatatu, 15 Januari 1962

Taa za dashibodi zimezimika tena! Tulikuwa tunarudi kutoka Junda kumwalika shangazi harusini — Baba kwenye usukani, kaka yetu Salem kando yake, mimi na Mama na dada Samiha nyuma, ndani ya pazia la madirisha. Kiza kinaingia. Tulipopita pale barazani wanapokaa wanaume — giza mbele, Baba haoni hata mafuta yamebaki kiasi gani. Na taa za nyuma nazo zimekufa. Fyuzi imeungua tena.

Salem anasema gari letu lina haya, likibeba wanawake linafumba macho. Wakacheka. Lakini ni kweli! Baba na Salem wakienda peke yao, haliharibiki kitu.

Baba amesema lisipopona kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, Samiha atapelekwa kwa mumewe kwa gari la kuazima. Gari hili ndilo lililomleta Mama akiwa bibi harusi. Tangu utotoni Samiha anasema, na mimi litanipeleka.

Jumatano, 17 Januari

Jirani yetu Hadi amekuja. Ni fundi wa nyaya za stima bandarini. Nilimtazama dirishani kwa upenyo. Alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje, akifuata waya mmoja mmoja na kitaa chake cha kupimia. Anatafuta shoti, mahali waya unapogusa chuma. Hakuiona. Alitia fyuzi mpya, na kila alichowasha kiliwaka.

Kisha Ruwaida! Binti wa mama mdogo, amekuja kutoka Likoni kwa ajili ya harusi. Akampelekea kahawa. "Utalala humo mpaka lini, fundi? Tukuletee mto?" Hadi alicheka mpaka akagonga kichwa.

Kahawa niliichemsha mimi. Hakuna aliyemwambia.

Ijumaa, 19 Januari

Nimeijua! Mimi!

Wanaume walipokwenda msikitini alasiri, niliingia garini peke yangu. Nikawasha taa. Nikakaa nyuma, mahali pangu, nikavuta pazia. Hakuna kitu. Nikalirudisha, nikalivuta tena. Zinawaka tu. Nikafikiri: huwa tunafanya nini pale barazani? Mama husema, "Shika pazia!" nami hulikamata kwa nguvu, nalivutia chini mpaka magotini, tusionekane. Nikafanya hivyo hivyo.

Fut! Giza. Na harufu ya mpira ulioungua, karibu na sikio langu la kushoto.

Ni kulabu. Baba alipotundika pazia jipya la harusi, zito, alitia kulabu mpya ndefu kwenye nguzo ya mlango. Nyuma ya ngozi inayofunika nguzo hiyo unapita waya wa taa ya darini, na taa hiyo ina fyuzi moja na dashibodi. Pazia likivutwa chini kulabu inapinda, ncha inagusa waya. Mwanamume atajuaje? Halivuti hivyo.

Nimesimama mbele ya kioo nikajifunza kusema: "Hadi, ni kulabu." Maneno matatu tu! Nikasikia sauti yake uani anasalimiana na Baba, nikajificha nyuma ya mlango.

Jioni tunakuna nazi, nikamwambia Ruwaida ni kulabu ya pazia. Sikufika mbali, Mama aliniita. Nilimsihi asimwambie mtu, nataka kusema mwenyewe. "Haya, shoga," akasema.

Jumamosi, 20 Januari

Hadi hakuja. Ruwaida ametia wanja tangu asubuhi.

Jumapili, 21 Januari

Ruwaida amemwambia Hadi ni kulabu. Mbele ya Baba! Nilikuwa hapa dirishani. Hadi akasema, "Ruwaida, una akili ya fundi wewe!" Nami sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake hata mara moja. Nilihisi kama mtu amenimwagia uji wa moto kifuani. Yeye kachekacheka, kainamisha kichwa kama mwenye haya. Ruwaida na haya!

Hadi akatia fyuzi, akavuta pazia huku na huku. Taa zinawaka. Akauliza kulabu ipi. Ruwaida akaonyesha ya kulia. Hadi akaing'oa, akabandua ngozi ya zamani — ikachanika. Hakuna waya upande ule.

Baba alipoona ngozi yake imechanika! Basi, akasema, imetosha, anakwenda kuazima gari. Hadi akamwomba angoje kidogo. Kisha akamgeukia Ruwaida, taratibu: "Uliona kwa macho yako?" Ruwaida akageuka kutazama dirisha langu. Nikafurahi. Wallahi nilifurahi, na huku chumba cha pili Samiha analia.

Sasa hivi Ruwaida amepanda ngazi mbio, amesimama mlangoni, anahema. "Suad, kulabu ipi? Na mlilivuta vipi? Nambie upesi, wananingoja."

Nambie. Hakusema njoo useme mwenyewe.

Nimemwambia asubiri, nina jambo naandika. Chini Baba anauliza ufunguo wa gari uko wapi, aende akaazime. Samiha ameacha kulia — nadhani anasikiliza. Ruwaida ameshika kizingiti, ananong'ona, "Suad, tafadhali."

Sijainua kichwa. Wanja wake umeanza kuchuruzika, nimeuona kwa pembeni, na Hadi yuko pale pale, mlango wa nyuma wa gari ameuacha wazi. Naweka kalamu, nashuka kusema mwenyewe.