Daraja la Kwanza la Kariuki

Gatitu, Nyeri
Julai 1996

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta magoti yamekupunguzia maumivu, na Mama ameacha kupanda na mtungi kutoka bondeni peke yake kama nilivyomsihi. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku mwezi huu ni kali, ukungu hauondoki hadi saa sita mchana, na mlima wenyewe sijauona kwa wiki tatu. Hayo ni madogo.

Katika barua yako umeniarifu kwamba umekwisha kuwatangazia wazee wa kanisa kuwa mwezi wa tisa naingia Nairobi kusomea upasuaji wa watoto. Naomba uketi kwanza, Baba. Siingii. Nitakueleza kwa mpangilio, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba asiyepanga maneno hajapanga fikira.

Utakumbuka nilivyokuandikia kwa majivuno kwamba nimekabidhiwa kazi ya kuorodhesha matatizo yote yanayowapata watoto baada ya kupasuliwa hospitalini kwetu. Mwongozo nilioutumia ulitoka ng'ambo, nami ndiye niliyeuleta. Hupima uzito wa tatizo kwa matibabu yaliyotolewa. Kidonda kikiharibika na daktari akakifungua palepale kitandani, hilo ni daraja la kwanza, jepesi kuliko yote. Mtoto akiongezwa damu, la pili. Akirudishwa chumba cha upasuaji na kulazwa usingizi tena, la tatu. Huendelea hivyo mpaka la mwisho, ambalo ni kifo. Niliupenda kwa unadhifu wake. Kila mtoto nilimtundikia karatasi yenye namba yake miguuni pa kitanda, na Mkuu wetu wa upasuaji akanisifu mbele ya wauguzi wote. Aliahidi kuniandikia barua ya mapendekezo, ambayo bila hiyo nafasi ya Nairobi haipatikani, mara nitakapoisoma ripoti yangu mbele ya mkutano wa madaktari wa miji ya Mlima Kenya, kule Nanyuki.

Sista Nyambura, muuguzi wa wodi anayekaribia kustaafu, hakunisifu. Alinipita na sinia ya dawa akasema, "Daktari wa makaratasi, hata hii mito utaipatia namba?"

Kisha akaja Kariuki, mtoto wa miaka minne kutoka Mweiga. Tulimpasua ngiri, na siku ya tano kidonda kikajaa usaha hadi ndani. Alistahili kurudishwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Lakini mashine ya usingizi ilikuwa imeharibika, na dawa za usingizi za sindano zilikuwa zimekwisha. Nilipendekeza apelekwe hospitali nyingine. Mkuu akasema mambo ya nyumbani hayatangazwi kwa majirani. Tukamfungua kitandani. Sindano ya ganzi tulimchoma, ila wewe hujui, Baba, kwamba ganzi haishiki vyema penye usaha. Ilichukua karibu nusu saa. Sista Nyambura alishika mabega, mimi nilishika mguu wa kulia. Jioni nilinawa mikono, nikachukua kalamu, nikaandika: moja.

Kesho yake mama yake aliniita.

"Daktari, niko na swali. Hii namba ya mtoto yangu, moja ndio mbaya ama ndio mzuri?"

"Ni nyepesi kuliko zote, Mama Kariuki."

"Ati nyepesi?" Akacheka kicheko kibaya. "Si ni wewe ulikuwa umeshika mguu yake?"

Nilimweleza mwongozo kwa subira, kama msomi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi hupeleka maziwa kwa chama cha wafugaji kila asubuhi," akasema. "Karani akikosa ile chombo yake ya kupima, haandiki ati maziwa ni safi. Anaandika haikupimwa. Wewe ulikosa mashine, halafu unaandika mtoto alikuwa mzuri?"

Nilienda moja kwa moja kwa Mkuu, nikamwomba tuongeze safu moja katika jedwali: matibabu yaliyostahili lakini hayakupatikana. Hakuinua macho.

"Wakesho, huu mwongozo ni wako au ni wa mama wa maziwa?"

"Ni wangu, Daktari."

"Basi ufuate."

Niliufuata, Baba. Sitakuficha. Niliandika ripoti bila safu ile, nikapanda jukwaani Nanyuki nikiwa na suti aliyonishonea Mama. Daraja la tatu lilikuwa tupu kabisa, na ukumbi ulipendezwa. Kisha mwenyekiti, profesa mzee, akauliza, "Hakuna hata mtoto mmoja aliyerudishwa chumba cha upasuaji?"

Mkuu alikuwa safu ya mbele. Nafasi yangu yote ilikuwa katika neno moja.

"Hakuna, Profesa," nikasema. "Mashine ya usingizi ilikuwa imeharibika. Mmoja alistahili kurudishwa. Tulimpasua kitandani akiwa macho."

Mtu mmoja akakohoa. Nilidhani sasa wataniuliza. Profesa akatazama saa yake.

"Kwa mwongozo wako mwenyewe, huyo ni daraja gani?"

"La kwanza."

"Basi endelea, binti yangu. Muda umekwenda."

Nikaendelea. Mwishoni walipiga makofi ya adabu. Nje, penye magari, Mkuu alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele ya watu. Barua ya mapendekezo kamwombe mama wa maziwa." Nafasi amempendekezea mwenzangu, kijana mwema asiye na kosa. Ripoti ilichapwa kama ilivyokuwa, kwa jina langu.

Juzi Mama Kariuki alimleta mtoto kliniki. Anatembea akiinama upande, na aliponiona na koti jeupe alipiga mayowe hadi nikalivua. Nilimsimulia mama yake yote, labda nikitarajia shukrani.

"Kwa hivyo umekosa shule," akasema.

"Nimekosa."

"Na hiyo kitabu, saa hii inasema Kariuki ni ngapi?"

"Moja, Mama."

Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza leso mara mbili. "Haya," akasema, akaondoka.

Wazee wa kanisa wakiuliza, nakuomba usiwaambie kwamba nafasi zilijaa, kama tulivyosema binamu aliponyimwa yake. Waambie nilinyimwa, na sababu yake uwasomee humu. Mama mwambie suti ilinikaa vizuri. Msalimie Bibi, na shangazi auzaye kabichi, na kaka Mwakio pamoja na wanafunzi wake, ambao naomba asiwatajie tena jina langu kama mfano.

Kesho asubuhi nina zamu ya vidonda, vitanda kumi na vinne, na karatasi zile bado zinaning'inia. Nimeagizwa nisiziondoe.

Ni mimi bintiyo akuheshimuye,
Wakesho