Nyuki Wako Nimewaambia

Bogdani ndugu yangu,

Kwanza pole kwa kufa. Huku Alexandria, si ile ya mafarao, kibanda chetu cha paking kipo, kiti chako nimekikalia mimi, na kompyuta ya geti wanasema itachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia. Mimi sitachanganyikiwa.

Sasa sikia mambo ya mzinga wako kule nyumbani kwenu Hyattsville. Mkeo Vera aliniambia, "Mwenye nyuki akifa lazima waambiwe, la sivyo watahama. Mimi wakiniuma navimba. Nenda wewe." Nikacheka. Mimi Mutua wa Kitui, niliyerina asali kabla ya kuota ndevu, nimpigie mdudu hodi? Nikaenda bila hodi, moshi wala wavu. Bogdani, waliniuma sikio likawa chapati! Kesho yake wakatoka kwa wingi, wakaning'inia mlangoni mwa mzinga kama ndevu za beberu. Vera akalia dirishani, "Wanaondoka! Na ndio alioniachia."

Hapo kiburi kikanitoka. Kidogo tu.

Lakini niwaambie kwa lugha gani? Nikakumbuka lile neno lako la nyuki, la wahenga wa Waslavi wote. Bichela, au buchela, hata wewe uliyekuwa mwalimu wa lugha kwenu hukuwa na hakika. Ulisema wanawe tunawasikia: Mrusi huanza na P, Muukraini na B, Mcheki na V. Mama yao sasa, hakuna aliyemsikia wala kumwandika, ndiyo maana vitabuni anawekewa alama ya nyota, yaani ni wa kukisiwa tu. Mnamkisia kwa pua za watoto. Hilo nilikubali, hata kwetu ukoo tunautambua hivyo. Lakini uliposema neno lilitokana na mvumo, na kwamba jina la fahali ni ndugu yake kwa vile naye hunguruma, nilikuambia, "Basi kesho nikamulie fahali asali." Ulicheka ukasahau geti, magari yakapiga honi mpaka barabarani.

Basi nikavua kofia, nikagonga mzinga. "Bichela, buchela, mnaloitikia itikieni. Bogdani amekufa." Nikapenga kamasi. Labda mafua.

Jioni walikuwa wamerudi ndani. Vera anasema ni neno. Mimi nasema joto lililowatoa nje lilipungua, tena mkono wangu nyuki wanaujua.

Lala, mbishi wangu. Nyuki nitawatunza, Vera hatakosa asali, na habari ya fahali sikubali mpaka tuonane. Ila ile nyota ya neno lako waambie walimu wenzako waifute. Sasa wapo waliolisikia neno lenyewe.

Mutua