Glasi Iliyovunjwa Makusudi

Neema mjukuu wangu,

Salamu kutoka Durban. Tuko wazima. Babu yako analalamikia magoti, na shangazi yako Furaha bado anasuka nywele saluni kule mtaa wa Overport.

Umeniuliza, kwa kuwa mchumba wako si Mkongo, mtafuata desturi za nani. Jibu nililipata Jumapili.

Mteja wa shangazi yako, binti Mthai, aliolewa na kijana Myahudi, nasi tukaalikwa. Kwanza, kwa desturi ya Kithai, maharusi waliunganishwa vichwa kwa uzi mmoja mweupe, na sisi wazee tukawamwagia maji mikononi. Hiyo niliipenda. Kisha, kwa desturi ya Kiyahudi, wakasimama chini ya kitambaa kilichotandazwa juu ya nguzo nne, na bwana harusi akakanyaga glasi mbele ya watu wote. Paa! Eish, mjukuu wangu, nilibaki mdomo wazi! Bibi wa bi harusi, aliyetoka Thailand, alinikamata mkono kwa hofu. Lakini upande wa kijana walishangilia na kuimba. Kumbe kwao harusi haikamiliki bila hiyo glasi.

Mimi siku ya harusi yangu, Bukavu, glasi ilimponyoka babu yako ikavunjika, na shangazi zangu wakalia kama kwenye msiba, eti ni mkosi. Tangu hapo kila tukigombana namkumbusha ile glasi, naye anaomba radhi.

Kwa hiyo changanyeni desturi, ila wazee waelezwe mapema.

Nilipomsimulia babu yako, aliacha kusugua magoti.

"Mama Furaha," akasema, "basi miaka yote hii nimekuwa naomba radhi ya nini?"

Nikamwambia nina barua ya kuandika.

Bibi yako